Vipimo vya Fundi Kajetani

Makopo yalikuwa matatu. Yalitoka Dar es Salaam yamefungwa ndani ya khanga mpya, yakasafiri miguuni pa dereva wa basi, kwa sababu Jane alikuwa amemsihi sana asiyatupe juu pamoja na magunia. Mama yake, Lidwina, aliyapokea stendi kwa mikono miwili, akayabeba hadi nyumbani mtaa wa Majengo kama anayebeba kitoto kinachokwenda kubatizwa. Kila kopo lilikuwa na picha ya mwanamume kifua wazi, mkono ameukunja, msuli umemtuna kama kiazi kikuu.

Swalehe, jirani yao aliyetoka Tunduru, ambaye duka lake la mitumba lilipakana na kibaraza cha cherehani cha Kajetani, alilitazama kopo, akamtazama fundi Kajetani alivyokonda nyuma ya cherehani yake, kisha akarudisha macho kwenye kopo.

"Shemeji," alimwambia Lidwina, "huyu ukimaliza kumkorogea atakuja kunivunjia mlango."

Kajetani alicheka mpaka akakohoa. Lidwina naye alicheka, lakini ndani ya kicheko chake alikuwa ameanza kuhesabu wiki. Ilikuwa katikati ya Januari, mwaka 1994. Harusi ya Jane ilipangwa Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka. Wakwe wangekuja kutoka Njombe, gari zima, na Kajetani ndiye angempeleka binti yake altareni mbele ya macho yao wote.

Barua ya Jane ilikuwa fupi. Alieleza kwamba huu ni unga wa protini, siku hizi unauzwa Kariakoo kwa kuwa maduka yamefunguliwa na kila kitu kinaingia, na kwamba wanamichezo wanaunywa na kupata mwili ndani ya mwezi mmoja. Vijiko viwili kwenye kikombe kikubwa cha maziwa, asubuhi, mchana na jioni. Mwishoni aliandika: "Mama, nataka Baba anishike mkono akiwa na mwili wake."

Alikuwa na sababu. Krismasi alipokuja nyumbani alimkuta baba yake suruali imefungwa kwa mkanda uliotobolewa matundu mapya mawili. Kanisani, nyuma yake, mama mmoja wa kwaya aitwaye Getruda alimnong'oneza mwenzake kwamba mzee Kajetani naye kumbe. Hakumaliza sentensi. Miaka ile haikuhitaji kumalizwa. Mtu akikonda, mtaa ulimpa ugonjwa wa kisasa kabla daktari hajamgusa, na mkewe akapewa naye, na watoto wakaangaliwa kwa jicho la huruma ambalo lilikuwa baya kuliko tusi.

Ugonjwa wa Kajetani ulikuwa na jina lingine, nalo walilijua. Septemba iliyotangulia hospitalini walimwambia kwamba shinikizo la damu la miaka mingi limezichosha figo zake. Wakampa vidonge, wakamkataza chumvi, wakamwambia arudi baada ya miezi mitatu. Chumvi ilipunguzwa. Vidonge vilimezwa. Miezi mitatu ilipotimia ilikuwa Desemba, msimu wa sare za shule, na fundi alisema hajisikii vibaya, watakwenda mwaka ukianza. Mwaka ulipoanza, yakafika makopo.

Lidwina alikoroga kwa moyo wake wote. Alichemsha maziwa, akayapoza, akapima vijiko kama mtu anayepima dawa, akayachapa kwa uma mpaka yakafanya povu. Harufu yake ilikuwa tamu kama ya keki. Wakati wa kukoroga alikuwa akiimba, na alikuwa hajaimba jikoni tangu Septemba. Kwaresima ilipoingia, nyumba ile iliacha nyama, Lidwina akabaki na ugali na mboga za majani, lakini mgonjwa hafungi. Kajetani alipewa vikombe vyake vitatu kila siku na yai juu yake.

Na kweli, mwili ulirudi.

Ulianzia usoni. Asubuhi mashavu yalikuwa yamejaa, makunyanzi chini ya macho yamepotea. Kisha kiuno. Mkanda uliacha matundu mapya, ukarudi kwenye tundu la zamani, ukalipita. Wapita njia walisimama kibarazani kumpongeza fundi. Swalehe alimwuliza kama anagombea ubunge, maana kitambi kile si cha mtu wa kura za chini. Hata Getruda wa kwaya alikuja mwenyewe, akamwambia Lidwina kwamba mzee wake amenawiri, akaulizia unga ule unapatikana wapi. Lidwina alimjibu kwa upole uliopikwa kwa muda mrefu. Siku hiyo alikwenda sokoni na mumewe kununua kitunguu kimoja, nao walipita njia ndefu, polepole, kila mtu aone.

Mambo mengine aliyaona lakini hakuyapa nafasi. Kajetani alipata kwikwi za asubuhi. Alijikuna shingoni. Chakula kilimchefua. Alilalamika kwamba mdomo wake una ladha ya chuma, wakakubaliana kuwa ni zile pini anazozibana midomoni anaposhona, basi akaacha kuzibana, akazichomeka kwenye mto wa sufu. Ladha ya chuma ikabaki palepale. Machi ilipoingia, mvua ikinyesha na tope limejaa, aliacha viatu akaanza kuvaa kandambili. Alisema ni joto.

Suti yake ya harusi alikuwa akiishona mwenyewe. Kitambaa cha kijivu alikihifadhi sandukuni tangu Jane akiwa darasa la saba, enzi ambazo kitambaa kilipatikana kwa kujuana. Baada ya hapo mitumba iliingia, watu wakaacha kushonesha suti, na fundi aliyewahi kuwavisha walimu wakuu na makatekista wa nusu ya mji akawa anapunguza makoti yaliyovaliwa na Wazungu. Hakulalamika. Ila suti hii alitaka itoke mkononi mwake tangu mkasi wa kwanza.

Jumatatu ya wiki ya tatu ya Machi, mwalimu Osmund alikuja kuulizia suruali yake. Kajetani alikuwa amelala, jambo alilolianza siku hizo kila baada ya chakula cha mchana, na Lidwina hakutaka kumwamsha. Alivuta mtoto wa meza, akatoa daftari la vipimo ili aangalie kama suruali ya mwalimu imeshakatwa. Daftari hilo alilijua kama kiganja chake. Kwa miaka ishirini na sita yeye ndiye aliyeshona vifungo na kupinda mapindo ya kila nguo iliyoandikwa humo.

Alilipata jina la Osmund, akamjibu mwalimu aje Alhamisi. Alipotaka kulifunga daftari, ukurasa wa mwisho ulijifungua wenyewe, kama ukurasa uliozoea kufunguliwa.

Haukuwa na jina la mteja. Ulikuwa na tarehe. Tarehe tisa Januari: kiuno inchi thelathini na moja, mkono juu tisa na nusu, kifundo cha mguu tisa. Tarehe ishirini Februari: kiuno thelathini na tatu, mkono juu tisa, kifundo kumi. Kila Jumapili baada ya hapo kulikuwa na mstari mmoja. Kiuno kilipanda. Kifundo kilipanda. Mkono ulishuka. Mstari wa jana yake ulisema: kiuno thelathini na sita, mkono juu nane na nusu, kifundo kumi na moja na nusu. Chini yake, kwa ule mwandiko wake ulioinama, aliandika: "Mabega yanapwaya."

Lidwina aliusoma ukurasa mara mbili. Kisha akaketi kwenye stuli ya wateja na daftari mapajani, akangoja.

Kajetani alipotoka chumbani, akiburuta kandambili, aliliona daftari kabla hajamwona mkewe. Akasimama.

"Baba Jane," alisema Lidwina, "tangu lini fundi anapima kifundo cha mguu?"

"Tangu kiatu kilipokataa."

Aliketi kwenye kiti chake cha cherehani, akaupandisha mguu wa suruali. Lidwina, ambaye kila jioni alimwona akienda kuoga amejifunga shuka hadi chini, aliuona mguu wa mumewe kwa mara ya kwanza baada ya wiki kadhaa. Ulikuwa umejaa, unang'aa, kifundo hakionekani kilipo.

Akamweleza taratibu, jinsi anavyomweleza mtu anayejifunza kazi. Alisema mtu akinenepa hunenepa kote: bega hujaa, mkono hujaa, shingo huitaka kola kubwa zaidi. Amewashonea watu wakinenepa na kukonda kwa miaka thelathini, na hajaona mwili unaojaa kiunoni na miguuni huku ukipungua begani. Suti ameifumua kiunoni mara mbili kuiongeza, na mara zote mbili mabega yamezidi kuning'inia. Kilichoingia humu, alisema akijigusa tumbo, si nyama. Hajui ni nini, lakini si nyama.

"Na ulijua," alisema Lidwina, "ukaendelea kunywa."

Kajetani aliushusha mguu wa suruali, akaunyoosha kwa kiganja kama anayeupiga pasi.

"Ulikuwa unaimba ukikoroga," alisema.

Lidwina hakulia hapo. Alikwenda jikoni, akakuta kikombe cha jioni kimeshaandaliwa, maziwa yanapoa. Akayamwaga kwenye shina la mgomba nyuma ya nyumba, yote, akabaki ameinamia shina lile kwa muda. Alikuwa amekitembeza kiuno cha mumewe sokoni kama mtu anayetembeza ng'ombe wa maonyesho.

Kesho yake asubuhi walikwenda hospitalini, daftari mfukoni, kopo kapuni chini ya khanga. Waliingia kwa daktari kijana aitwaye Mwamvua, aliyewaamkia shikamoo kabla hajavuta faili. Alimlaza Kajetani, akambonyeza muundi kwa kidole gumba na kukiondoa. Shimo likabaki pale, kama alama ya kidole kwenye unga uliokandwa.

"Haya ni maji, mama," alimwambia Lidwina. "Si unene."

Walipima mkojo na damu, wakasubiri kwenye benchi mpaka saa saba. Majibu yalipotoka, daktari aliomba kuliona lile kopo. Alilisoma kila upande, hata maandishi madogo ya chini. Lidwina alimwangalia midomo kama anayesubiri hukumu, kisha akauliza mwenyewe kabla hajaulizwa.

"Ni sumu?"

"Hapana," alisema Dokta Mwamvua. "Mwenye figo nzima akinywa, hana neno. Figo ni chujio, mama. Mwili ukishatumia protini, iwe ya nyama, ya maharage au ya kopo, kuna taka zinabaki kwenye damu, na chujio ndilo linazitoa. La baba limechakaa. Mmelibebesha kazi ya watu watatu, tena na vikombe vya maziwa juu, na humu ndani kuna chumvichumvi ambazo nazo figo zake haziwezi kuzitoa. Kwikwi, kichefuchefu, kujikuna, ladha ya chuma mdomoni, hizo ni taka zilizokosa pa kutokea. Maji nayo yamekosa pa kutokea, ndiyo haya ya miguuni."

Kajetani aliuliza kama basi asile protini kabisa. Daktari alisema la hasha, mwili bila protini unajila wenyewe, na mkono wake umeshaanza kupungua. Ale, ila kwa kipimo: yai moja kwa siku, au kipande cha samaki au cha nyama kisichozidi nusu ya kiganja chake, maharage kidogo, na wali au ugali wa kumshibisha. Alisema wapo wagonjwa wa figo ambao huambiwa waongeze protini, wale wanaosafishwa damu kwa mashine katika nchi za wenzetu, maana mashine huondoka nayo. Kwa hiyo kopo moja lingeweza kumfaa mgonjwa mmoja na kumuumiza mwenzake. Mwenye kuamua ni vipimo vya damu, si kopo.

"Vipimo," alisema Kajetani, akatoa daftari mfukoni.

Dokta Mwamvua aliusoma ukurasa wa mwisho, akausoma tena. Akauliza nani amemfundisha kupima hivi. Kajetani akajibu kwamba yeye ni fundi nguo. Daktari akasema aendelee kuandika kila Jumapili na kila akija kliniki aje nalo. Akamwandikia dawa ya kumtoa maji, akambadilishia za shinikizo, akamwambia Lidwina kitu ambacho Lidwina alikibeba njia nzima ya kurudi: maji yakishuka mtamwona amekonda kuliko alivyokuwa, msiogope, huo ndio mwili wake wa kweli, tutaanzia hapo.

Maji yalishuka. Kwa siku nane Kajetani alikwenda msalani mpaka Swalehe akasema angemchimbia choo cha pili. Kwikwi zilikatika. Ladha ya chuma ilififia. Na siku ya Pasaka, aliposimama mbele ya kioo, alikuwa mwembamba kama utambi. Kopo moja lilikuwa halijafunguliwa. Swalehe aliliomba, akanywa wiki nzima, akatangaza kwamba yule mtu wa kwenye picha ni mwongo.

Ikabaki suti. Ilikuwa imefumuliwa kumfuata mtu ambaye hayupo tena, na mkasi ulikuwa ukimponyoka fundi mkononi. Alijaribu siku mbili. Siku ya tatu alimwita mkewe, akamwambia aketi yeye kwenye cherehani.

Lidwina alikataa. Alisema yeye ni wa vifungo na mapindo, suti hajawahi kuigusa kwa mkasi. Kajetani alisema ameitazama mikono yake kwa miaka ishirini na sita, anajua inachoweza. Akasimama wima katikati ya kibaraza, akampa futi kamba.

Basi akampima. Kiuno, thelathini na nusu. Bega. Kifua. Mkono. Alipokuwa akiizungusha futi kamba kifuani, uso wake ukawa karibu na shingo ya mumewe, akazisikia pumzi zake, zimetulia, hazikatwi na kwikwi. Kisha Kajetani akaanza kumwelekeza: punguza hapa robo inchi, usitie sufu nyingi begani, mtu mwembamba ukimjaza mabega anafanana na hanga ya nguo. Nguo imkae tu ilivyo. Macho ya watu, alisema, huona mtu amekonda pale nguo inapomkimbia.

Jane alifika Alhamisi ya wiki ya harusi. Alimkuta baba yake kwenye kiti, suti imetundikwa nyuma yake, na tabasamu lake likasita njiani. Aliamkia, akakaa, akasifu kitambaa. Kisha akaliona kopo juu ya meza ya cherehani, akalifungua. Lilikuwa limejaa vifungo.

"Hakunywa?" aliuliza.

Lidwina alikuwa amejipangia maneno tangu hospitalini, maneno laini yenye kona za kujifichia. Yote yakampotea. Akamwambia mwanawe jinsi ilivyokuwa, tangu kikombe cha kwanza hadi shimo la kidole kwenye muundi, hakuruka hata safari ya sokoni. Jane alisikiliza akivishika vifungo, mpaka mkono ukaacha kusogea.

"Mimi ndiye niliyenunua," alisema.

"Aliyekoroga ni mimi," alisema mama yake.

"Na mdomo ulikuwa wangu," alisema Kajetani. "Njoo hapa. Lete futi kamba."

Jane alipiga magoti mbele ya kiti. Baba yake akaupandisha mguu wa suruali, na binti akaizungusha futi kamba kwenye kifundo, akaiangalia namba kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji, kwa sababu macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Tisa na robo," alisema.

"Andika. Tarehe kwanza."

Jumamosi, kabla ya magari kuja, walimvisha. Suruali ilishuka ikakaa. Koti lilikaa begani kana kwamba lilizaliwa naye. Kisha Jane, tayari ndani ya gauni lake jeupe, aliikusanya sketi kwa mkono mmoja akachuchumaa, shangazi zake wakimpigia kelele atalichafua, akamsogezea baba yake viatu vyeusi ambavyo vilikuwa havijavaliwa tangu Februari. Mguu wa kulia uliingia. Wa kushoto ukagoma kidogo kisigino, ukaingia. Akafunga kamba mwenyewe.

Kanisani wakwe wa Njombe walikuwa wamejaza benchi nne upande wa kulia. Kwaya ilikuwa imesimama, na Lidwina alijua, bila kugeuka, kwamba Getruda amemwinamia mwenzake sikioni. Kinanda kikaanza. Mlangoni akatokea mzee mwembamba ndani ya suti iliyomkaa sawasawa, binti yake mkononi, wanatembea polepole kuliko wimbo.

Lidwina hakuziangalia nyuso za watu. Alikuwa akiangalia viatu, hatua kwa hatua, mpaka vikafika.